Land Cruiser BJ40 hadtopu inapiga kelele ndani, mzee wangu haongei tena njiani. Nianzie wapi?

#1 Mwana wa Sima

Wakuu habari zenu.

Nina Land Cruiser BJ40 ya 1978, hadtopu (yenye paa gumu, si turubai), dizeli, injini B ya silinda 4. Mzee wangu aliinunua mnadani nikiwa shule ya msingi na sasa iko mikononi mwangu. Inawaka asubuhi bila kusumbua, haili oili. Shida ni kelele ndani. Kuanzia spidi 60 tunaongea kwa kupaza sauti, ikifika 80 kila mtu ananyamaza na kuangalia dirishani.

Niwaambie kwa nini jambo hili limeniingia moyoni sasa. Tunakaa Buhongwa, nyumbani ni Sengerema, na kila mwisho wa mwezi nampeleka mzee kijijini. Zamani tulikuwa tunafika Kigongo, tunapanga foleni ya kivuko, nazima gari, na hapo ndipo mzee anaanza kusimulia. Foleni yote, majini, mpaka tunateremka Busisi, ni yeye tu. Karibu kila ninachokijua kuhusu babu na ukoo wetu nilikipata pale. Daraja limefunguliwa Juni 2025 na ninalishukuru, wagonjwa wanavuka usiku wa manane bila kusubiri. Lakini kilomita zile 3 za juu ya maji tunazipita kwa dakika chache, injini inanguruma, hatuzimi gari mahali popote hadi nyumbani. Mzee ana miaka 81.

Fundi mmoja kasema nibandike kapeti nene, mwingine kasema ni bati la paa linavuma. Sina hela ya kubahatisha. Kelele hii hasa inatoka wapi?

#2 Ngosha wa Mbagala

Mwadila. Kaka, magari hayo kuna watu wanayatafuta kwa udi na uvumba na wanalipa vizuri. Uza, chukua Prado iliyotulia, mzee atasimulia kutoka Buhongwa mpaka Geita. Nakuambia kwa nia njema kabisa.

#3 Lendi Mzee

Usiuze. Utalia.

Mimi nina Land Rover Series III, 109 ile ndefu, hadtopu, mwaka wa 19 huu niko nayo hapa Bwiru. Anza na paa. Paa ni bati pana lisilo na kitu chini yake, likipata mtetemo linageuka ngoma na nyinyi mmekaa ndani ya ngoma. La kwangu nilibandika utepe wa lami ule wa kuzibia mapaa ya nyumba, wenye karatasi ya aluminiamu juu, halafu nikafunika kitambaa. Mvua ya masika ikinyesha sasa naisikia kama iko kwa jirani.

#4 Raba Tupu

Mleta uzi hujataja matairi na umeshaandikiwa dawa. Kama umevaa kashata kubwa za matope, yaani meno makubwa ya tairi, hapo ndipo penyewe. Kila kipande cha kashata kikigusa lami kinabana hewa, kikinyanyuka kinaiachia. Zidisha kwa vipande vyote na mzunguko wa tairi, unapata ule mlio wa "uuuuu" unaopanda kadiri unavyoongeza mwendo. Gari ya kashata za matope usiitafutie kapeti.

#5 Mwana wa Sima

Raba Tupu, matairi ni 7.50-16 ya kawaida, kashata ya barabarani iliyofika nusu. Ila moja la nyuma lina alama kama limelika kwa mawimbi.

#6 Mtumbwi wa Faiba

Lendi Mzee shikamoo. Narekebisha kidogo kwa heshima. Paa la BJ40 hadtopu si bati, ni faiba. Kuta za pembeni ndizo chuma. Mimi natengeneza boti Igombe na niliwahi kuletewa paa la gari kama hilo limepasuka kona, nikalishona kwa matabaka matatu. Faiba haivumi kama bati, yenyewe inakula mtetemo.

Mleta uzi chukua sumaku ya spika mbovu, iweke juu ya paa. Ikishika, basi paa lako lilishabadilishwa huko nyuma.

Nilichokiona kwenye paa lile ni mahali linapokalia kuta. Kuna ukanda wa raba katikati. Ukikauka na bolti zikalegea, faiba inasugua chuma na upepo unapita. Pale utasikia mengi.

#7 Lendi Mzee

Marahaba mwanangu. Nakubali, nilisema kwa kuangalia la kwangu. Lakini sumaku yako ikija kwangu itadondoka pia, maana Land Rover paa ni aluminiamu. Kwa hiyo kipimo hicho ni cha Toyota tu.

#8 Fundi Spana

Nimesoma wote. Niko Nyakato, magari haya nimeyashika tangu nikiwa msaidizi wa kuosha spana. Naandika kirefu kidogo.

Kelele inakufikia kwa njia mbili. Moja inapanda kwenye chuma: injini, giaboksi, transfa (ile inayogawa nguvu mbele na nyuma), difu (gia za kwenye ekseli) na springi vinatetema, chesisi inapokea, bodi inapokea, bati linapiga hewa na hewa inakupiga sikio. Ya pili inaingia hewani moja kwa moja kupitia matundu. Dawa ya kwanza haiponyi ya pili. Ndiyo maana mtu anabandika utepe gari zima, anarudi kwangu analalamika kelele ni ileile.

Kabla hujanunua hata gundi, fanya haya. Tafuta lami iliyonyooka asubuhi mapema isiyo na magari, mtu mwingine awe anasikiliza. Nenda 80, kanyaga klachi, weka gia huru, acha gari litiririke. Kelele ikishuka ghafla, ilikuwa ya injini, ekzosi au kitu kinachozunguka na injini. Ikibaki na kupungua polepole pamoja na mwendo, ni matairi, beringi, difu, propela au upepo.

Siku ya pili nunua utepe wa karatasi wa mafundi rangi. Ziba kwa nje mianya yote ya milango, milango ya nyuma, matundu ya hewa mbele ya kioo, mzunguko wote wa paa. Acha mlango mmoja wa kuingilia tu. Rudia barabara ileile. Ukisikia tofauti, raba za milango ndizo za kununua, na utepe umekugharimu kidogo sana.

Na jambo ambalo karibu kila BJ inayokuja kwangu inalo: zile raba zinazovaa gia na mkono wa transfa pale sakafuni. Fungua ukiwa umesimama injini inanguruma, weka kiganja. Ukisikia joto na harufu ya oili ya giaboksi inakupanda mkononi, hapo una dirisha la kuangalia giaboksi, na unaendesha nalo wazi.

#9 Dereva wa Nata

Fundi hapo kwenye kutiririka si bora azime kabisa injini ili asikie vizuri? Mteremko mzuri tu.

#10 Fundi Spana

Hapana ndugu yangu, asizime. Breki za gari hilo zinasaidiwa na vakyumu na pampu yake iko nyuma ya alteneta. Injini ikizima, alteneta imezima. Utabaki na akiba ya kukanyaga mara chache, kisha unasukuma breki kwa nguvu ya paja. Injini iache inanguruma silensa, yaani bila kukanyaga mafuta.

#11 Bibi wa Mwaloni

Hamjambo wanangu. Nami niseme, maana mimi limenigharimu.

Nilikuwa na Land Cruiser pikapu ya kubebea dagaa kutoka Mwaloni, ya zamani kama hiyo. Nikaambiwa niweke sponji ya godoro sakafuni na chini ya viti, juu yake kapeti. Siku ya kwanza raha tupu. Nikampigia hadi dada yangu Musoma simu nikiwa ndani ya gari asikie utulivu.

Mimi nabeba mzigo wa maji, na masika viatu vya wapakizi vina matope. Sponji ya godoro inakunywa maji kama mtoto mwenye kiu na haiyatoi. Msimu wa pili nikaanza kusikia harufu, nikadhani ni mzigo. Siku nimefungua kapeti upande wa utingo, sponji imegeuka rangi ya chai, nikaichomoa ikatoka na bati. Ndiyo, bati lenyewe likatoka nayo kama ukoko wa wali unavyotoka na mwiko. Nikaiona barabara. Kuchomelea sakafu nzima kulinigharimu kuliko sponji mara thelathini.

Usiweke godoro. Mnaomshauri mtoto huyu kapeti, mwambieni na kilicho chini ya kapeti.

#12 Kapeti Safi

Mama pole sana. Mimi ni fundi viti Mabatini na naona makosa hayo kila mwaka. Sponji ziko mbili. Ya godoro vyumba vyake viko wazi, maji yanapita. Ile ya kutengenezea ndala na mikeka ya mazoezi vyumba vyake vimefungwa, ukiitia kwenye ndoo inaelea siku nzima. Hiyo ya pili ndiyo ya gari. Kata kipande, kamua ndani ya maji, ukikitoa kikiwa kizito usinunue.

Lingine, godoro linashika moto upesi na BJ bomba la ekzosi linapita chini ya miguu. Tafadhali sana.

Na milango: chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji. Mtu anabandika mpaka anaviziba, mlango unaoza kutokea ndani.

#13 Mchimbaji wa Katoro

Kwa sakafu mimi sitaki sponji peke yake. Tafuta mkanda chakavu wa mgodini, ule wa kubebea mawe. Huku unauzwa kwa mita, watu wanatandika kwenye mabodi ya malori. Raba nene ya milimita 10, mita moja ya mraba ina uzito wa kilo 12 hivi. Sauti inazuiwa na uzito, haizuiwi na ulaini. Chini weka sponji ya ndala ili mkanda usiguse bati, juu mkanda, basi. Usigundishe, uweke ulale kwa uzito wake ili uweze kuunyanyua ukague kutu.

Wiki ya kwanza unanuka. Uanike juani siku nne kwanza.

#14 Raba Tupu

Kilo 12 kwa mita, dizeli ya silinda 4, mlima wa kutoka Kigongo. Mzee atafika amesinzia.

#15 Mchimbaji wa Katoro

Sakafu ya mbele haizidi mita moja na nusu. Ni uzito wa gunia dogo. Mbona mkibeba mchele hamlalamiki?

#16 Mwalimu wa Magu

Habari wanajukwaa. Nafundisha fizikia na swali hili nimelifanyia hesabu wakati wa mapumziko, naomba mnisome hadi mwisho.

Mleta uzi anasema 80 ndipo watu wananyamaza kabisa. Kwa nini 80? Tairi la 7.50-16 lina kipenyo kama sentimita 80, kwa hiyo mzingo wake ni mita 2.5 hivi. Spidi 80 ni mita 1,333 kwa dakika, tairi linazunguka karibu mara 533. Difu ya BJ40 ni 4.11, yaani propela inazunguka mara 4.11 tairi likizunguka mara moja, na gia ya nne ni moja kwa moja, kwa hiyo injini inazunguka kama mara 2,190 kwa dakika. Injini ya silinda 4 inalipua mara mbili kila mzunguko. Hiyo ni milipuko 73 kila sekunde.

Sasa geukia chumba. Jirani yangu ana BJ40, nimeipima kwa futi kamba, kutoka mbele hadi milango ya nyuma ni kama mita 2.3. Sauti kwa joto letu inakwenda mita 345 hivi kwa sekunde. Hewa iliyofungwa katika urefu huo inapenda kutetema mara 75 kwa sekunde, kama chupa inavyolia ukiipulizia mdomoni. Milipuko 73, chumba 75. Injini inakipuliza chumba katika sauti yake hasa.

Hili likiwa kweli, kapeti na sponji ya sentimita moja havitafanya kitu kwa mvumo huo, kwa sababu wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita 4. Cha kufanya ni kupunguza mtetemo unaofika kwenye bodi: raba za injini, raba za bodi, vishikio vya ekzosi. Au kwenda 70.

Uthibitishe hivi. Abiria asogeze kichwa polepole kutoka kwenye kioo cha mbele kuja katikati ya gari. Mvumo wa aina hii ni mkali kwenye ncha na dhaifu katikati.

#17 Fundi Spana

Mwalimu nimekuelewa na nimefurahi, ila sijashawishika bado. Kurosi ya propela, yaani kiungo cha ule mhimili unaozungusha difu, ikichoka nayo inavuma kwenye 80 na inaacha kwenye 90. Nimeibadili mara nyingi na mvumo ukaisha, hatukugusa chumba.

#18 Mwalimu wa Magu

Tunaweza kuzitenganisha fundi. Arudie kwa gia ya tatu. Injini itafika mizunguko ileile kwenye spidi 50 na kitu. Mvumo ukija hapo, ni injini na chumba. Usipokuja mpaka 80, ni kitu kinachofuata mwendo wa gari, yaani propela au tairi, na nitakuja Nyakato kukuomba radhi.

Nyongeza kuhusu zile raba za gia: tundu la asilimia 1 tu ya ukuta linatosha kuufanya ukuta mzima usipunguze zaidi ya desibeli 20, hata kama sehemu iliyobaki ni zege. Hapo nakuunga mkono kwa asilimia zote.

#19 Lendi Mzee

Kwa hiyo utepe wangu wa lami haukufanya kitu miaka yote hii?

#20 Mwalimu wa Magu

Umefanya mzee, shikamoo. Utepe unaua mlio wa bati lenyewe, na mvua ni bati lenyewe. Wala hukuhitaji kufunika lote, robo hadi nusu ya eneo, katikati ya kila uwazi, inatosha. Gonga kwa kifundo cha kidole. Palipojibu "ng'ooo" bandika, palipojibu "tup" acha.

#21 Dada wa Masikio

Samahani kuingilia mambo ya mafundi. Nafanya kazi kitengo cha masikio na nimevutiwa na mzee kuliko gari.

Kwa umri wake sauti nyembamba ndizo zinazoondoka kwanza. Herufi kama s, f, t na k anazipata kwa shida hata sebuleni. Mvumo mzito wa gari una tabia ya kufunika sauti zilizo juu yake, kwa hiyo hata kile kidogo anachosikia kinazama. Kijana anasikia kelele na maneno kwa pamoja, mzee anasikia kelele peke yake. Pengine hajaacha kusimulia kwa sababu hataki. Mtu asiyesikia anachojibiwa huacha kuongea.

Na nyinyi madereva: kiwango kinachoshauriwa kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila ikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Ikiwa 88 ni saa 4.

Mwana wa Sima, sikio lake zuri ni lipi?

#22 Mwana wa Sima

Dada, nimeisoma hii mara tatu. Asante.

La kushoto ndilo zima. La kulia lilimsumbua tangu ujana.

#23 Dada wa Masikio

Basi anakaa kiti cha kushoto na wewe dereva uko upande wa sikio bovu. Miaka yote hiyo. Kwenye kivuko je, alikuwa anakaa wapi?

#24 Mwana wa Sima

Alikuwa anashuka, anaegemea mlango wangu kwa nje, anaangalia maji. Sikio la kushoto lilikuwa kwangu. Sikuwahi kulifikiria.

#25 Kapeti Safi

BJ40 viti vya nyuma ni benchi za pembeni. Akikaa benchi ya kushoto anatazama kulia, sikio la kushoto linakuwa mbele kwa dereva.

#26 Lendi Mzee

Baba mwenye gari akae benchi ya nyuma na mtoto mbele? Wewe fundi viti huna baba?

#27 Ngosha wa Mbagala

Hapo nimecheka peke yangu kwenye daladala. Mzee hakai nyuma.

Halafu mmenikumbusha sato wa kukaanga pale Kigongo wakati wa foleni. Unanunua wa moto kwenye gazeti, unakula umeegemea boneti. Wale akina mama wamehamia wapi?

#28 Bibi wa Mwaloni

Wengine wamesogea Usagara, wengine wako Busisi upande wa juu barabarani. Mmoja ni mteja wangu. Biashara imebadilika ila samaki ni walewale.

#29 Mwana wa Sima

Mrejesho wa kwanza wakuu. Nimefanya vipimo siku mbili, mdogo wangu akishika simu yenye programu ya desibeli. Najua simu si kifaa cha maabara, nimeitumia kulinganisha tu.

Spidi 80, gia ya nne: 86. Nikitiririka gia huru: 80. Kwa hiyo injini na ndugu zake wana sehemu kubwa, lakini haiishi.

Utepe wa karatasi: ule mluzi wa juu ya sikio ulipotea wote, namba ikashuka 2 tu. Ila masikioni tofauti ni kubwa kuliko namba.

Raba ya gia: fundi, nimeweka kiganja. Joto na harufu kama ulivyosema. Raba ya transfa haipo kabisa, kulikuwa na kipande cha kitenge kimesokotwa. Nilimuuliza mzee, akasema mama alikisokota pale safari moja ya msiba kwa sababu vumbi lilikuwa linamchafua. Nimekitoa na kukitunza.

Gia ya tatu: mvumo ulikuja kwenye 54. Kisha ukaja tena 80 kwa gia ya nne. Lakini nilipotiririka kwenye 80 bila injini, mvumo mdogo ulibaki. Sijui nani ameshinda.

Sumaku ilidondoka, paa ni faiba.

#30 Mwalimu wa Magu

Hamsini na nne! Mnasikia?

#31 Fundi Spana

Nasikia. Na ule mdogo uliobaki bila injini nausikia pia. Mwalimu, sote wawili tumo ndani ya gari moja.

Angalia vishikio vya ekzosi. Shika bomba baada ya kupoa, litikise. Likigonga chesisi au sakafu, mitetemo yote ya silinda inaingia ndani bila kupita kwenye raba.

#32 Raba Tupu

Na lile tairi la mawimbi lihamishie mbele usikilize kama sauti inahama nalo. Hakuna aliyelijibu tangu posti ya 5.

#33 Mtumbwi wa Faiba

Ukifungua paa usitumie silikoni kuligundisha kutani, siku ukitaka kulitoa litapasuka. Weka ukanda mpya wa raba, kaza bolti kidogo kidogo kwa kuzunguka, usimalize kona moja kwanza.

#34 Mwana wa Sima

Mrejesho wa pili, wiki sita zimepita.

Nilichofanya kwa mfuatano: raba za gia na transfa mpya. Raba za milango yote, nikapima kwa karatasi kama ya daftari, naibana mlangoni na kuivuta, palipotoka bila kugoma narekebisha kitasa. Kishikio kimoja cha ekzosi kilikuwa kimekatika na mtu alifunga waya, chuma kwa chuma. Nimeweka cha raba. Ukanda wa paa mpya. Sakafu ya mbele sponji ya ndala na mkanda wa Katoro juu yake, nilianika siku sita na bado unanuka kidogo mchana. Utepe wa lami vipande vichache kwenye milango na kuta za nyuma, kwa kugonga na kidole. Tairi nililihamisha, sauti ilihama nalo, nimelitoa.

Sasa spidi 80 inasoma desibeli 80. Sabini inasoma 77. Mvumo wa mwalimu bado upo kwenye 80, umepungua ila upo, na kichwa kikiwa karibu na kioo ni mkali kweli. Raba za injini bado sijazipata zenye ubora.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kwa 65. Kiti cha mzee nimekilaza nyuma kidogo, akigeuka kunitazama sikio la kushoto linakuja. Tumefika Usagara, akauliza, "Umezima feni?" Gari halina feni. Tulipoanza kupanda darajani akasema, "Punguza." Nikashuka 40. Akanyoosha mkono kuonyesha kule kilipokuwa kinatia nanga kivuko. Akasimulia siku babu alivyovusha ng'ombe wanne, mmoja mwekundu akaruka majini kabla hawajafika, na walipoteremka wakamkuta ameshatangulia nchi kavu anakula nyasi za watu. Babu alilipa faini ya nyasi. Sikuwahi kuisikia hiyo. Aliendelea hadi Sengerema mjini.

Asanteni nyote, kila mmoja kwa jina lake.

Ila sasa kuna kitu kipya. Nikiachia mafuta kati ya 50 na 60 kuna sauti nyembamba kama njiwa, inatoka nyuma. Zamani haikuwepo.

#35 Raba Tupu

Beringi ya gurudumu. Nyanyua jeki, zungusha kwa mkono, shika springi usikie.

#36 Lendi Mzee

Difu. Ikilia ukiachia mafuta ni difu.

#37 Mtumbwi wa Faiba

Inaweza kuwa upepo kwenye raba mpya ya milango ya nyuma. Jaribu utepe tena.

#38 Dada wa Masikio

Nimesoma ya ng'ombe mwekundu nikaita wenzangu waje wasome. Mlete mzee apimwe sikio la kulia hata hivyo.

#39 Mwana wa Sima

Nitamleta dada.

Nimemuuliza kuhusu sauti ya njiwa. Anasema haikuanza leo, ilikuwepo tangu siku aliyoitoa gari mnadani, ni sisi tu tulikuwa hatuisikii.

#40 Fundi Spana

Ilete Jumanne asubuhi kabla jua halijawa kali. Usimwage oili ya difu, nataka niione ilivyo na niishike kwa vidole kwanza. Na uje na mzee.

#41 Lendi Mzee

Jumanne nami nitakuwepo.